Nani Alipe Karatasi Iliyoharibika?

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya elimu tunayoipata shuleni na kazi zinazotungoja mjini. Amenichagua, asema, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu yanikutanisha kila siku na vijana wanaotafuta kazi. Nimekubali kwa furaha; lakini yafaa nieleze tangu mwanzo kwamba mimi si mwalimu wala si mtaalamu wa uchumi. Mimi ni mpiga chapa. Nina mashine mbili na wafanyakazi wanne katika Nasser Road hapa Kampala, na haya nitakayoyasema nimeyaona nikiwa nimesimama nyuma ya meza yangu, mikono ina wino.

Kwa wale walio mbali, Nasser Road ni mtaa wa wapiga chapa. Kadi za arusi, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya uchaguzi, karatasi za mitihani ya shule, vyote hutoka huko. Mchana kutwa mashine zanguruma, na vijana wapita mbio wamebeba rimu za karatasi mabegani. Wateja wetu si watu wa Kampala peke yao. Wako watokao Juba, na Bunia, na Goma, na wengi wao hatuelewani nao kwa Luganda wala kwa Kiingereza. Twaelewana kwa Kiswahili. Basi wale wanaonung'unika kwamba mtaala mpya wa 2020 umekitia Kiswahili katika masomo ya lazima ya vidato viwili vya kwanza, nawaambia kwamba mimi nimelipa kodi ya duka miezi mingi kwa Kiswahili nilichojifunza katika shule hii.

Mtaa wetu una sifa nyingine, nayo si nzuri. Yasemwa mjini kwamba mwenye fedha aweza kupata huko cheti cha chuo ambacho hakukanyaga hata mlango wake. Nami nimejiwa mara kadhaa na vijana wenye haya, wakisema kwa sauti ya chini, wakitaka niwapigie chapa cheti. Huwarudisha walikotoka. Lakini kila atokapo mmoja wao hubaki nikifikiri: kijana huyu amekwisha amini kwamba kazi hupewa karatasi, haipewi mtu. Imani hiyo hakuizaa yeye. Ameipata kwetu sote, wazazi, walimu na waajiri.

Wengine, nao ndio wengi, huja kwa njia ya haki. Baada ya mahafali ya vyuo huniletea barua zao za kuomba kazi niwatolee nakala 20 au 30. Siku moja kijana mmoja alinionyesha tangazo la kampuni moja ya mjini. Lilitaka mtu mwenye digrii, asiyezidi umri wa miaka 25, na mwenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Akaniuliza, "Kaka, hiyo miaka mitatu niipate wapi, ikiwa kila mlango unaitaka kabla ya kunifungulia?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

Tusidhani kwamba ni shida ya kijana mmoja mwenye bahati mbaya. Sensa ya 2024 ilionyesha kwamba Uganda ina watu wapatao milioni 45.9, na karibu nusu yao hawajatimiza miaka 18. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2020 kwamba kila mwaka watu zaidi ya 700,000 katika nchi hii hufikia umri wa kufanya kazi. Hata zikifunguliwa ofisi zote za Kampala, viti vyake haviwezi kuwatosha watu hao.

KARATASI ZA MWANAGENZI

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda kujifunza kazi kwa mzee mmoja mpiga chapa. Mzee yule alikuwa na desturi yake. Akipata kazi ya nakala elfu moja, hakutoa karatasi elfu moja. Alitoa elfu moja na hamsini. Wapiga chapa wote hufanya hivyo kwa kadiri yao, kwa sababu karatasi za kwanza huharibika wakati wa kusawazisha wino na kuweka maandishi mahali pake. Wengine huzitupa. Yeye alizikusanya katika sanduku chini ya meza, kwa kuwa upande wake wa nyuma ulikuwa bado mweupe, akaziita karatasi za mwanagenzi. Jioni, wateja walipokwisha kuondoka, aliniwashia mashine, akaniambia, "Haya, haribu hizi."

Kwa mwaka mzima mshahara wangu ulikuwa chakula cha mchana na nauli. Lakini nilikuwa na sanduku lile, na umeme wa mashine kila jioni, na jicho la fundi lililonitazama. Sasa ninapopiga hesabu za duka langu mwenyewe naona kwamba mzee yule alinilipia karo kubwa kuliko nilivyodhani.

Kwani hakuna ajifunzaye kukata ila kwa kukata vibaya kwanza. Mshonaji huharibu kitambaa, seremala huharibu ubao, mchomeleaji huharibu bati, na karani mgeni huharibu kitabu cha hesabu. Vitu hivi vina bei. Je, nani alipe? Shule yasema haina fedha za vifaa. Ina ubao na chaki. Mwajiri asema apewe yule aliyekwisha kuharibu mali ya mtu mwingine. Kijana hana kitu mfukoni. Basi kila mmoja amngoja mwenzake, na mwaka wapita. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kidonda, zaidi ya kule kulaumiana kila siku kwamba walimu hawafundishi na vijana ni wavivu.

KURASA THELATHINI

Nitatoa mfano. Wakija vijana kuniomba kazi huwauliza swali moja, nao wasomaji waweza kulijaribu. Mteja ataka kijitabu cha kurasa 30, kilichokunjwa katikati na kubanwa pini mgongoni. Je, tutumie karatasi ngapi kwa kila kijitabu?

Mwaka mmoja walikuja wawili kwa siku moja. Wa kwanza alikuwa na digrii, na hesabu aliisoma mpaka chuoni. Akafikiri kidogo, akasema kwamba karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo 30 kwa nne ni saba na nusu. Karatasi saba na nusu! Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, lakini nusu karatasi haina mahali pa kushikwa na pini. Ukifungua kijitabu yaanguka chini. Wa pili alikuwa msichana aliyeishia kidato cha nne. Hakusema neno. Aliokota karatasi chakavu, akazikunja, akaanza kuandika namba za kurasa kwa penseli, moja, mbili, tatu. Alipofika mwisho akasema, "Haiwezekani. Mteja achague 28 au 32."

Nilimwandika kazi msichana yule. Lakini msifikiri kwamba ninamcheka yule wa kwanza, kwani habari yake haikuishia hapo. Nilimpa karatasi nane, nikamwambia afanye kama mwenzake alivyofanya. Haikupita robo saa akaona jambo ambalo msichana hakuliona, nami ilinichukua miezi kuliona: kwamba katika kijitabu cha kurasa 32, ukurasa wa 1 hukaa pamoja na wa 32, wa 2 pamoja na wa 31, na kuendelea hivyo, na kila mara jumla ni 33. Kwa kanuni hiyo mtu hupanga kurasa za kitabu chochote bila kukunja kitu. Fungua gazeti hili penye pini, uache jalada, ujumlishe kurasa mbili za katikati. Kisha jumlisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Utaona jumla ni ile ile.

Basi elimu yake haikuwa bure. Ilikuwa ndani yake kama mbegu ndani ya ghala: nzima, kavu, ikingoja udongo. Alichokosa hakikuwa akili; alikosa karatasi nane na robo saa. Miaka zaidi ya kumi na mitano alisoma, na hakuna siku moja aliyowekewa mbele yake kitu cha kukunja. Huyo naye nilimchukua, na leo ndiye anayepanga kurasa zetu zote.

MAKERERE NA MBAO ZAKE

Wako wasemao kwamba dawa ni rahisi: shule zote zifundishe ufundi. Maneno hayo si mageni. Wanafunzi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Makerere yenyewe, kilima kile ambacho kila mzazi amtakia mwanawe, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Serikali ya wakati ule ilihitaji maseremala na waashi, kwa hiyo ililipa mbao zilizoharibika.

Lakini haukupita muda mrefu serikali ile ikahitaji pia waganga, walimu na makarani, nao wakalipwa vizuri zaidi. Kilima kikageuka. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kidogo kilichotoa digrii za Chuo Kikuu cha London. Madarasa ya ufundi yalitengwa, na mwaka 1958 yakahamia kilima cha Kyambogo. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, nafasi nyingi za Wazungu serikalini zilihitaji wenyeji wa kuzishika upesi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Castle mwaka 1963 ilitilia nguvu shule za sekondari ili watu hao wapatikane. Kijana aliyekuwa na kalamu siku zile alipata kazi, nyumba na heshima. Wazee wetu waliotukimbiza kwenye kalamu hawakuwa wajinga; waliona kwa macho yao nani alikula vizuri.

Mtaalamu mmoja, Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana, aliandika jambo hilo mwaka 1965. Alisema kwamba vijana hawachagui kazi kwa sababu ya somo walilofundishwa; hutazama mishahara na nafasi zilizopo nje, wakazifuata. Ukimfundisha kilimo kijana ambaye aona mkulima ni maskini, atatumia elimu hiyo hiyo kuomba ukarani. Naona alisema kweli. Hapa kwetu tume iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi, iliyoanza kazi mwaka 1987, ilishauri elimu ielekezwe zaidi kwenye ufundi na kazi, na serikali ikatoa waraka wake mwaka 1992. Tangu siku hizo tumesikia hotuba nyingi za kusifu mafundi. Walakini wengi wa watoaji wa hotuba hizo watoto wao hawako karakanani, na watu huona.

SHAMBA LA BABA

Jambo hili liliingia nyumbani kwetu mwanzo wa 2025. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wa watahiniwa zaidi ya 350,000 waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, wa kwanza kwa mtaala mpya. Alipata alama nzuri. Baba akatuita sote nyumbani. Alisema kwamba kijana ataendelea na kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu, na kwamba karo itatoka katika kipande cha shamba upande wa bondeni, maana mnunuzi amekwisha kupatikana. Mimi nikasema kwamba yafaa kwanza tumwulize mwenyewe.

Mdogo wangu alisema anataka kujifunza umeme wa majumbani na wa mashine za baridi. Baba alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Mwanangu, fundi wa umeme akianguka kutoka juu ya dari akavunjika mkono, nani atamlisha? Karani wa serikali akiugua, mshahara wamfuata kitandani. Na akizeeka ana pensheni. Fundi akizeeka ana nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo ni zito, wala si la mtu asiyejua mambo. Nilimjibu kwamba kazi zenye pensheni ni chache sasa kuliko watu wanaozingojea, na kwamba digrii peke yake haimpi mtu pensheni. Nikamwambia pia kwamba shamba likiisha kuuzwa halirudi. Akasema, "Najua bei ya shamba langu." Basi tukakaa kimya.

Aliyetutoa katika kimya kile ni mama. Alimkumbusha baba habari ya jiko. Katika mtaala mpya kila mwanafunzi hufanya kazi ya mradi, na mdogo wangu alikuwa ametengeneza sigiri inayotumia makaa machache. Alikwenda kwa mafundi wa Katwe kukatiwa bati, na fundi mmoja akamwachia mkasi akate mwenyewe. Aliharibu vipande viwili. Baba alivilipia bila kunung'unika, kwa kuwa vilikuwa "masomo". Mama akasema, "Ulilipa bati kwa sababu mwalimu aliomba. Sasa mtoto mwenyewe anaomba, bati limebadilika?"

Baba alicheka, na shauri likalegea. Tulipatana hivi: kijana aingie kozi ya ufundi ya miaka miwili, shamba lisiuzwe, na fedha ambazo zingekwenda katika karo ya kidato cha tano ziwekwe kwa kununua vifaa vyake siku atakayomaliza. Hilo la mwisho ndilo lililomwia gumu baba. Karo aliiona ni wajibu wa mzazi, lakini kipimio cha umeme, msumeno na ngazi aliviona ni vitu vya kuchezea. Wazazi wengi wako hivyo. Watauza ng'ombe kwa ajili ya ada, lakini kijana akimaliza ufundi bila koleo watamwambia akajitafutie. Mambo ya mdogo wangu bado hatujayaona mwisho wake, nami siwezi kuwaahidi kwamba tulichagua vyema. Nasema tu kwamba tulihesabu gharama yote.

MAJIRANI WAFANYAJE?

Swali la nani alipe lina majibu mahali pengi. Ujerumani, kijana anayejifunza kazi hugawa juma lake kati ya kiwanda na shule ya ufundi, naye hupewa posho na kiwanda kile. Desturi hiyo ni ya zamani, na mwaka 1969 iliwekewa sheria ya nchi nzima. Kenya imewatoza waajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende katika mafunzo ya kazi. Tanzania iliunda VETA kwa sheria ya 1994, na waajiri huchangia kwa kodi ya kuendeleza ufundi. Sisemi kwamba nchi hizo hazina vijana wasio na kazi. Wako wengi. Lakini angalau wamekubaliana kwamba karatasi iliyoharibika si mzigo wa mwanafunzi peke yake.

Sisi nasi tumepata kuona faida yake. Chuo cha ufundi cha Nakawa kilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, na mashine zilizoletwa zilikuwa za kushikwa na wanafunzi, hazikuwa za kutazamwa. Na Sheria ya 2008 juu ya mafunzo ya ufundi ilifungua njia ili fundi aliyejifunzia kazini, hata bila kukaa darasani, apimwe na kupewa cheti chake. Hayo ni mambo mema. Lakini katika nchi yenye vijana wengi kama yetu mzigo bado waelemea jamaa za watu, na jamaa maskini huelemewa zaidi.

Mtaala mpya nao una wema wake. Sasa asilimia 20 ya alama hutokana na kazi anayoifanya mwanafunzi katika muda wote wa masomo, na 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Hivyo mwanafunzi wa Uganda aweza kupata alama kwa kitu alichokitengeneza. Lakini mradi wahitaji bati, gundi, sabuni, mbegu. Shule yenye wazazi wenye uwezo itavipata. Shule ya kijijini itachora picha ya sigiri ubaoni, na wanafunzi watainakili. Tusipoangalia, mtaala mzuri utawatenga watoto wa maskini kuliko ule wa zamani.

KWA WANAFUNZI

Ninyi mlio madarasani sasa, sitawaambia muache vitabu. Msichana yule wa kidato cha nne alijua kusoma maagizo ya mteja, kuhesabu, na kuuliza anapoona kosa. Hayo ndiyo yaliyompa kazi, nayo yote aliyapata shuleni. Asiyejua kuandika kwa usahihi hawezi kuwa mpiga chapa mzuri. Nimeona mabango elfu moja yakitupwa kwa sababu ya herufi moja.

Nawaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila somo mlisomalo, tafuteni mahali linapofanya kazi. Mkifundishwa pembe, nendeni Ndeeba mkamtazame seremala anavyopata pembe ya mraba kwa kamba yenye vipimo vya futi tatu, nne na tano. Mkifundishwa umeme, mwulizeni fundi kwa nini waya wa jiko ni mnene kuliko wa taa. La pili, mkipata nafasi ya kushika kifaa, msiogope kuharibu, lakini jueni bei ya mnachokiharibu. Mwanagenzi anayejua bei ya karatasi hujifunza mara mbili.

KWA WANAFUNZI WA ZAMANI

Maneno yangu ya mwisho ni kwetu sisi tuliokwisha kutoka. Kila mwaka twakutana, twala, twacheka, twachangia rangi ya bweni au taa za ukumbi. Ni vizuri. Lakini miongoni mwetu wako wenye gereji, maduka ya dawa, mashamba ya kuku, ofisi za mawakili, viwanda vya mikate. Kila mmoja wetu anacho kitu ambacho shule haiwezi kununua, nacho ni mahali ambapo kijana aweza kuharibu kitu kidogo mbele ya mtu anayejua. Natoa shauri kwamba kila mwanafunzi wa zamani mwenye kazi yake amchukue mwanafunzi mmoja katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, kwa majuma manne, ampe chakula cha mchana na nauli, na atenge katika hesabu zake kiasi kidogo cha mali ya kuharibiwa. Kijana akimaliza, aandikiwe barua ya kweli isemayo alifanya nini. Hiyo haitakuwa miaka mitatu ambayo matangazo yanaitaka. Lakini yule aliyeniuliza aipate wapi, angalau angekuwa na mahali pa kuanzia.

Mimi nimekwisha kutenga nafasi mbili kwa likizo ijayo, pamoja na rimu mbili za karatasi. Atakayetaka ampe mhariri jina lake kabla ya mwisho wa muhula. Aje na rula, penseli, na nguo asizozionea uchungu, maana wino wetu hautoki.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani, Nasser Road, Kampala